Siri ya Mtungi: Je, Mfasiri Aonyeshe Kazi ya Mteja Wake?

Fundi cherehani akishona gauni zuri, gauni lenyewe humtangaza. Litapita mjini, litaingia kanisani, litakaa kwenye karamu ya harusi, na mtu akiuliza limeshonwa na nani, jibu lipo. Seremala hupanga viti vyake kando ya barabara. Kinyozi hubandika picha za vichwa ukutani. Wahenga walilimaliza jambo hili kwa maneno manne: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini walipoisema methali hiyo hawakuwa wakimfikiria mfasiri. Kazi yake iliyo bora kuliko zote huenda imefungiwa katika jalada la wakili, la hospitali au la benki. Haiwezi kujiuza kwa sababu hairuhusiwi hata kutoka nje.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la insha hii. Mfasiri anayejitegemea, asiye na mwajiri wala mshahara wa mwezi, je, ana haki ya kuonyesha kazi aliyomfanyia mteja mmoja ili apate kazi kwa mteja mwingine? Swali hili sikulikuta darasani. Nililikuta kwa kukosea, na ni afadhali niseme kosa lenyewe kwanza kabla ya kutoa hoja.

Mimi ni Mganda. Kwetu Masaka tunazungumza Kiganda, na nilipomwambia bibi yangu kwamba nitasoma Kiswahili chuo kikuu, aliniuliza kama nataka kuwa askari. Wazee wengi wa kwetu bado wanaikumbuka lugha hii kama lugha ya kambi za jeshi na ya watu waliogonga milango usiku. Katiba yetu ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha tena uamuzi wa kukitumia kuwa lugha rasmi. Lakini mkate wa mwanafunzi wa Kiswahili hauletwi na maamuzi hayo. Unaletwa na watu. Kampala, na katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyaka II, wako maelfu ya Wakongo na Warundi ambao Kiswahili ndicho wanachokimudu wanapotaka kueleza shida zao ofisini, na ofisi nyingi zinataka Kiingereza. Katikati yao lazima akae mtu.

Katika mwaka wangu wa pili, ofisi moja ya mawakili ilinipa kazi ya kufasiri maelezo ya mama mmoja kutoka Kivu aliyekuwa akiomba hifadhi. Zilikuwa kurasa kumi na moja, zimeandikwa jinsi alivyosema mwenyewe. Mtu mwingine alikuwa amekwisha kufasiri sehemu ya mwanzo, na humo nikakuta kosa la kutisha. Mama alikuwa amesema: “Nilikimbia juu ya mutoto.” Kwa Kiswahili tulichofundishwa shuleni, “juu ya” ni mahali, kitabu kiko juu ya meza. Mfasiri wa kwanza aliandika kwa Kiingereza maneno yenye maana kwamba mama aliruka juu ya mtoto akakimbia. Ofisa akisoma hivyo ataona mzazi aliyemruka mwanawe na kumwacha chini. Lakini katika Kiswahili cha Kivu, “juu ya” ni pia “kwa sababu ya”. Mama alikimbia kwa sababu ya mtoto. Alikimbia ili mtoto asife. Neno moja dogo lilikuwa limemgeuza mama kuwa mhalifu, nami nikalirudisha mahali pake.

Siwezi kuficha kwamba nilijivuna. Nilitembea njia nzima kurudi hosteli nikilirudia neno lile kichwani. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba masomo yangu yanaweza kumwokoa mtu.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa natafuta kazi nyingine. Nilikwenda Nasser Road nikachapisha wasifu wangu, nikazunguka nao. Kila ofisi iliniuliza jambo lilelile: tuonyeshe kazi mbili ulizokwisha kufanya. Nilikuwa na mazoezi ya darasani, na nilikuwa na kurasa zile kumi na moja. Nilikuwa pia nimetia sahihi karatasi ya kwamba sitamwonyesha mtu yeyote nilichosoma. Nikajipa sababu. Nikasema, karatasi ile inahusu habari za mteja, mimi naonyesha ufundi wangu. Nikasema, nitafuta jina. Nikachukua nusu ukurasa, nikaziba kwa wino mweusi jina la mama, majina ya watoto, kijiji na tarehe. Nikaacha sentensi ya “juu ya mutoto” na aya mbili zilizoifuata, ili msomaji aone jinsi nilivyoitatua. Nikaipeleka kwa ofisi nne, na nikamtumia pia mfasiri mwenzangu Mkongo aliyekuwa ameniuliza ninavyoshughulika na lahaja za kwao.

Siku ya pili mwenzangu akanipigia simu. Hakuwa na hasira, alikuwa akinisifu. Halafu akasema, “Huyu si Mama Saa?”

Katika zile aya mbili mama alieleza kwamba alipotoka nyumbani alibeba mtoto mgongoni na saa ya ukutani mkononi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Saa ile ilifika naye Kampala. Imetundikwa katika chumba chake, na kila Mkongo wa mtaa ule aliyewahi kuingia pale kunywa chai anaijua. Nilifuta jina lililoandikwa kwenye karatasi, nikaacha jina ambalo mtaa mzima unamwita. Na mwenzangu alikuwa amekwisha kumsomea mkewe ukurasa ule, kwa kuvutiwa na tafsiri. Mkewe aliimba kwaya moja na mama yule. Chini ya habari ya saa kulikuwa na habari ya usiku wa pili njiani, jambo ambalo mama alikuwa hajawaambia hata wanawe wakubwa.

Nilikwenda kumwona. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, kwa maana niliona ni heri alisikie kwangu kuliko kulisikia kisimani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake: “Mutoto yangu, miye nilisemaka ile maneno juu ya batoto. Weye uliyaonyesha juu ya kazi.”

Alilitumia neno lilelile nililojivunia kulijua. Alisema kwa sababu ya watoto; nami nilionyesha kwa sababu ya kazi. Tangu siku ile sijapata maelezo bora ya kosa langu, na mengine yote nitakayosema hapa ni kujaribu kuyafafanua maneno yake.

Hoja ya kwanza ni kwamba siri haikai katika jina. Wengi wetu tunadhani tukiweka “Bwana X” mahali pa jina tumemaliza kazi. Lakini mtu hutambulika kwa kidonda chake, kwa njia aliyopita, kwa kitu alichobeba. Hata sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi haisemi jina peke yake. Inasema habari ambazo kwazo mtu anaweza kutambulika. Na anayeweza kumtambua mtu kwa alama ndogo si mgeni wa mbali. Ni jirani, shemeji, mwanakwaya mwenzake. Yaani walewale ambao mwenye siri alitaka wasijue. Mgeni akisoma hudhani ni hadithi. Jirani akisoma humwona mtu.

Hoja ya pili inahusu umiliki. Nilijitetea kwamba tafsiri ni yangu, na utetezi huo si upuuzi mtupu. Mfasiri ana haki katika kazi yake. Mwezi Novemba 1976, hapa karibu, Nairobi, UNESCO ilipitisha Pendekezo kuhusu ulinzi wa kisheria wa wafasiri na tafsiri. Kabla yake, mwaka 1963, Shirikisho la Kimataifa la Wafasiri lilikuwa limepitisha Hati ya Mfasiri katika mji wa Dubrovnik. Hati hiyo inadai kwamba jina la mfasiri litajwe wazi tafsiri inapotumiwa hadharani. Lakini hati hiyohiyo inamwambia mfasiri kwamba habari anazozipata kwa njia ya kazi aliyokabidhiwa azichukue kuwa siri ya taaluma. Yote mawili yamo katika waraka mmoja, na hayapingani. Hadharani mfasiri atajwe, faraghani anyamaze. Kosa langu lilikuwa kuchukua haki ya hadharani na kuitumia faraghani.

Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hapakuwa na siri ya kulindwa. Maandishi yale yalikuwa ya ulimwengu mzima tangu zamani, na jina lake lilikaa juu ya kitabu bila kumdhuru mtu. Mfasiri wa bango la afya lililobandikwa zahanati anaweza kusema “hii ni kazi yangu”, ilimradi mteja hakumkataza, kwa kuwa bango limeandikwa ili lisomwe na watu. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: je, maandishi haya yalikuwa njiani kwenda kwa watu wote, au yalikuwa njiani kwenda kwa mtu mmoja tu? Maelezo ya mwomba hifadhi yanakwenda kwa ofisa mmoja. Cheti cha daktari kinakwenda kwa daktari mwingine. Barua ya mirathi inakwenda kwa ndugu. Mfasiri amepewa nafasi ya kupita katikati tu, kama mjumbe anayebeba barua iliyofunguliwa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Baadhi ya wenzangu husema, basi omba ruhusa kwa mteja. Ni ushauri mzuri, lakini haufiki mwisho. Mteja wangu alikuwa nani? Ilikuwa ofisi ya mawakili. Wao ndio waliolipa, wao ndio waliotayarisha karatasi ya kutunza siri. Tuseme ningewaomba, wakaniambia, “Haya, onyesha, futa majina tu.” Mkataba usingevunjika, na kosa kwa mama lingebaki palepale. Katika kazi zetu nyingi kuna watu watatu: anayelipa, anayefasiri, na aliyemo ndani ya maandishi. Huyu wa tatu mara nyingi hana sahihi yoyote kwenye mkataba. Hajui hata kama mkataba upo. Alizungumza chumbani na mtu mmoja, akaamini kwamba maneno yatakwenda alikoyaelekeza. Mkataba humlinda anayelipa. Huyu wa tatu analindwa na dhamiri ya mfasiri, na ikikosekana hiyo hana kingine.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana ni upande niliosimama nao mimi mwenyewe. Mficha uchi hazai. Kijana asiyeonyesha alichofanya atapata kazi wapi? Mfasiri mwenye umri na jina hahitaji sampuli. Wateja wake husimuliana. Anayebanwa na usiri ni mwanafunzi, ni mhamiaji, ni binti aliyesoma kwa shida na hana mjomba ofisini. Daktari naye hutunza siri, lakini daktari ana leseni ukutani, hakuna anayemwambia, “Tuonyeshe mgonjwa uliyemponya.” Mimi sikuwa na leseni wala cheo. Nilikuwa na ukurasa mmoja mzuri, nao nimekatazwa kuutoa.

Nakubali kwamba malalamiko haya yana haki ndani yake. Kazi inayomdai mtu anyamaze inapaswa kumpa njia nyingine ya kuaminiwa. Lakini tazama deni hilo liko kwa nani. Liko kwa ofisi zinazotaka sampuli zikijua vizuri kwamba kazi zetu ni za siri. Ofisi hizo zinaweza kutoa jaribio fupi na kulilipia. Ofisi iliyoridhika na kazi inaweza kuandika barua ya mistari mitano. Vyuo vyetu vinaweza kutoa mtihani na cheti cha kufasiri. Mama wa Kivu hana deni lolote na mimi. Kama soko halinitendei haki, sina ruhusa ya kulipiza kwa kumuuza mtu aliye mnyonge kuliko mimi.

Tena iko sababu ya kazi yenyewe, mbali na huruma. Katika zile ofisi nne nilizopeleka ukurasa wangu, mbili hazikujibu. Moja ilinishukuru. Katika ya nne mama mkubwa wa ofisi aliniita, akaweka karatasi mezani, akasema tafsiri ni nzuri sana. Halafu akaniuliza, “Na za kwetu utamwonyesha nani?” Sikuwa na jibu. Nilitoka na bahasha yangu. Nilikuwa nimekwenda kumwonyesha kwamba najua lugha, nikamwonyesha kwamba sijui kunyamaza. Naye alihitaji yote mawili.

Basi mfasiri afanye nini? Nitasema ninachofanya mimi, bila kudai kwamba ndiyo njia pekee. Katika mkoba wangu leo kuna tangazo la hadharani nililofasiri, pamoja na ruhusa ya maandishi ya wenyewe. Kuna makala niliyochagua mwenyewe, ya zamani isiyo na mwenye haki tena, nikaifasiri kwa ajili ya kuonyesha tu. Kuna ukurasa nilioutunga kwa lahaja ya Kivu, wenye mitego yote ninayoijua, ule wa “juu ya” ukiwemo, na kando yake nimeeleza ninavyoitegua. Kuna orodha ya kazi nilizofanya kwa aina na idadi ya kurasa: maelezo ya kisheria, barua za hospitali, vyeti vya shule, bila jina la mteja asiyeniruhusu kumtaja. Na kuna barua mbili za watu niliowafanyia kazi. Nikiulizwa kama naweza kuonyesha maelezo halisi ya mwomba hifadhi, nasema siwezi, na nasema kwa nini. Kazi nyingine nimezikosa kwa jibu hilo. Nyingine nimezipata kwa sababu yake.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuniuliza: na insha hii je? Hujamsimulia mama yule mara ya pili, tena kwa watu wengi zaidi? Nililifikiria jambo hilo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Kitu alichobeba mama hakikuwa saa. Jina la mtaani si hilo, na mambo mengine madogo nimeyageuza kwa kukusudia. Yaliyompata usiku wa pili sikuyaandika wala sitayaandika. Kabla ya kuipeleka insha nilikwenda nikamsomea yote, akanisahihisha mahali pawili, akanipa ruhusa ya kutumia maneno yake kuhusu watoto na kazi. Sidhani ruhusa hiyo inafuta kosa la kwanza. Mke wa mwenzangu hakusema neno kwa mtu, na mwenzangu aliifuta nakala yake mbele yangu. Hata hivyo mama hakurudi tena kwenye kwaya. Nilipomuuliza sababu, alisema akisimama pale mbele hajui nani anajua. Hilo siwezi kulifasiri upya likawa jambo jingine.

Wahenga wanasema, siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia ndani ya mtungi kila siku, huujua mpaka chini, hujua pana maji kiasi gani na pana matope gani. Ikitoka nje, kazi yake ni kuleta maji kwa mwenye kiu. Ndugu zangu wanafunzi wa Kiswahili wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, wengi wetu tutaishi kwa kazi hii, kwa kuwa lugha yetu inavuka mipaka pamoja na watu wenye shida. Tutapewa kurasa ambazo hata watoto wa mwenyewe hawajazisoma. Siku utakapotaka kuionyesha mojawapo, kabla hujachukua wino wa kuziba majina, jiulize aliyesema maneno yale aliyasema juu ya nini.